Punda Asiye na Moyo: Kutoka kwa Esopo hadi Unguja

Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki wa karne ya 5 KK, anamtaja Esopo kuwa mtumwa katika kisiwa cha Samos. Ngano za wanyama zilizobeba jina lake zilitungwa baadaye kwa mashairi na mshairi Babrius.

Katika mojawapo, simba ni mgonjwa. Mbweha anamrubuni kulungu aingie pangoni mwa simba. Kulungu anaponyoka, masikio yakiwa yamechanwa, lakini anarubuniwa tena, anarudi na kuliwa. Mbweha anaula moyo kwa siri. Simba anapouulizia, anajibiwa: mwenye moyo angerudi mara ya pili?

Kisa hichohicho kimo katika mkusanyiko wa hadithi wa India uitwao Panchatantra na katika Kalila wa Dimna, kitabu kilichofasiriwa kwa Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8. Unguja, mjanja ni sungura na anayeliwa ni punda wa dobi. Mmisionari Edward Steere alikinakili kisa hicho kwa wasimulizi wa huko na kukichapisha London mwaka 1870.

Hapa Uha pia, hadithi za wanyama husimuliwa, kwa Kiha. Mwombe babu au bibi akusimulie moja, kisha umrithishe mtoto.