Mguu wa Mbuzi: Mmea Utambaao wa Mambrui na Kumbukumbu za Jina Lake

Katika vilima vya mchanga vya Mambrui, kaskazini ya mlango wa Mto Sabaki, hutambaa mmea uitwao na wanasayansi Ipomoea pes-caprae. Sehemu ya pili ya jina hilo la Kilatini maana yake ni mguu wa mbuzi, kwa kuwa jani limegawanyika mfano wa kwato. Linnaeus ndiye aliyeitoa sehemu hiyo ya pili mwaka 1753.

Hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, huhifadhi kila mmea pamoja na kibandiko cha mahali na tarehe ulipochumwa. Hazina ya Afrika ya Mashariki ilianzia Amani, Usambara, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Huko Amani ndiko P. J. Greenway alikotunga kamusi yake ya majina ya mimea kwa Kiswahili.

Kwa mwanahistoria wa lugha, kibandiko kisemacho “Kiswahili” tu hakitoshi, maana hakibainishi kama msemaji alikuwa wa Mambrui, Lamu au Unguja. Mbegu za mmea huu huelea baharini, nao huota pwani zote hizo. Majina yake hayana budi kuchunguzwa lahaja kwa lahaja. Jani laweza kuchumwa tena, bali jina lisiloandikwa hupotea pamoja na wazee walijuao.