Majina ya Jarida Moja

Mwaka 1970 jarida la kitaaluma lililokuwa likichapishwa Dar es Salaam liliongezwa herufi mbili katika jina lake. Hadi mwaka uliotangulia liliitwa Swahili. Tangu hapo likaitwa Kiswahili. Kwa mpita njia hilo si jambo la kusimamia. Lakini jina la kwanza ndivyo Waingereza wanavyoiita lugha hii, na la pili ndivyo wanavyoiita wenyewe. Baina ya majina hayo mawili, na mengine yaliyoyatangulia, imo historia ya taaluma nzima: nani aliichunguza lugha, kwa lugha gani, na kwa manufaa ya nani.

Chanzo chake ni haja ya serikali. Katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, ambao mwanaisimu wa Kijerumani Carl Meinhof alihudhuria, iliamuliwa kuwa lahaja ya Unguja mjini iwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu. Kimvita, chenye hazina kubwa ya ushairi na kilichokuwa na watetezi wake miongoni mwa wamisionari, kikawekwa kando. Tarehe 1 Januari 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi nne, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, na Frederick Johnson akawa katibu wake wa kwanza. Kamati ilikusudiwa kusawazisha tahajia, kupitia vitabu vya kufundishia na kutayarisha kamusi. Jarida lilizaliwa humo kama taarifa ya Kamati, likiandikwa kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza.

Katika miaka yake ya mwanzo, basi, jarida lilikuwa karibu zaidi na daftari la ofisi kuliko uwanja wa elimu. Waafrika hawakuwamo miongoni mwa wajumbe wa Kamati. Mswahili aliulizwa jinsi asemavyo, kisha uamuzi ukatolewa na wengine. Waunguja nao, ambao lahaja yao ndiyo iliyoteuliwa, walikuja kusoma vitabuni maneno na miundo ambayo hawakuijua vinywani mwao. Kusanifisha kulileta faida isiyokanika, kwani mtoto wa Tabora na wa Kisumu waliweza kusoma kitabu kimoja. Lakini lugha ilitazamwa kama chombo cha kurekebishwa. Kwamba ilikuwa pia na fikra, historia na fasihi yake, hilo lilichelewa kuonekana.

Mabadiliko yalianza miaka ya 1950. Kamati, ambayo tayari ilikuwa imehamia Nairobi katika muongo uliotangulia, ilipelekwa Makerere mwaka 1952, na huko ikajikuta katika mazingira ya chuo. Taarifa ikageuka kuwa jarida kwa jina na kwa maudhui. Watu kama J. W. T. Allen na W. H. Whiteley walianza kuzitazama hati zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zilizohifadhiwa majumbani mwa watu wa pwani. Mwaka 1957 jarida lilitoa, kama nyongeza, utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini. Mwaka 1958 na 1959 zikafuata nyongeza zilizobeba maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip, kama alivyoyasimulia mwenyewe. Kitabu hicho cha mzaliwa wa Unguja kilikuwa kimekwisha kuchapishwa Berlin mwanzoni mwa karne. Sasa kiliwarudia wasomaji wa Afrika Mashariki. Shaaban Robert naye akawamo miongoni mwa wajumbe wa Kamati. Hapo ndipo uchunguzi wa Kiswahili ulipovuka mipaka ya tahajia ukaingia katika fasihi na historia.

Baada ya kupita Mombasa, mwaka 1964 Kamati ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ndani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, na sehemu kubwa ya kazi ya usimamizi wa lugha ikahamia huko. Jarida likabaki na uhuru wa kuuliza maswali. Mwaka 1970 Idara ya Kiswahili ikaanzishwa chuoni, na mwaka uliofuata TUKI ikatoa Mulika, ili elimu iwafikie pia wasiokuwa wanachuo. Abdilatif Abdalla, aliyetoka kifungoni Kenya mwaka 1972, alikuja kufanya kazi katika Taasisi hiyo, wakati mabishano ya ushairi wa mapokeo na ushairi usiofuata vina na mizani yakipamba moto. M. M. Mulokozi aliandika katika jarida mwaka 1975 kuhusu mapinduzi na upinzani katika ushairi wa Kiswahili. Makala hayo aliyaandika kwa Kiingereza. Jina la jarida lilikuwa limekwisha kurudi nyumbani, lakini lugha ya uchambuzi ilikuwa bado njiani.

Ili ifike, ilihitaji msamiati. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliyaeleza maneno ya Kiswahili kwa Kiswahili, na Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha ya mwaka 1990 ikawapa wanaisimu istilahi za kujadiliana bila ya kuazima kila hatua. Makala za Kiswahili zikaongezeka jaridani. Kilichoanza kama taarifa kuhusu lugha kikawa kazi inayofanywa ndani ya lugha hiyo.

Na zile lahaja zilizowekwa kando mwaka 1928 zilirejea kwa mlango wa utafiti. Zanzibar ilikuwa imeunda Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2012 Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, likatoa kamusi za Kimakunduchi, Kipemba na Kitumbatu. Usanifishaji uliyaona maneno ya mashamba na visiwani kuwa kasoro. Taaluma iliyokua imeyaona kuwa ushahidi wa historia ya lugha yenyewe. Wazee wengi waliokuwa wakiyasema, hata hivyo, hawakungoja kuulizwa.

Tangu mwaka 2009 TUKI na Idara ya Kiswahili ziliunganishwa kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, na jarida likaendelea mikononi mwake. Mwanafunzi wa leo anaweza kulisoma, kulijadili na kuliandikia kwa lugha aliyonyonya nayo. Akitaka kujua ilivyoamuliwa lugha hiyo iandikweje, atalazimika kuyafungua matoleo ya zamani, na huko itambidi ajue Kiingereza. Kuyafasiri ni deni ambalo taaluma hii bado haijalilipa.