Deheni na Epoksi: Historia Fupi ya Kutengeneza Mkuku

Soko la Gakoromone, mjini Meru, liko mbali na bahari. Hata hivyo, masimulizi ya Wameru huwatoa wazee wao Mbwaa, mahali penye maji ambapo baadhi ya wanahistoria wamepahusisha na kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Husemwa kuwa maji yaligawanyika, watu wakavuka kwa miguu. Ni safari isiyohitaji chombo, na msamiati wa vyombo ulibaki pwani.

Msamiati huo ni mpana. Mkuku ni mti wa chini unaobeba mwili mzima wa chombo, nao ndio hugusa mwamba kwanza. Mbao za mtepe zilishonwa kwa kamba za makumbi. Katika vyombo vya misumari, nyufa hujazwa pamba kwa kazi ya kukalafati, neno lenye jamaa zake katika Kiarabu na Kireno. Mbao hunyweshwa sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu inayozama hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Deheni haikukusudiwa kudumu. Maji yakipwa chombo huegemezwa ufukweni, kikakwanguliwa na kupakwa upya. Na fundi, akikwangua, huuona mkuku wote.

Epoksi, iliyobuniwa Ulaya na Marekani katika miaka ya 1930 na 1940, ina shabaha nyingine. Sehemu mbili huchanganywa kwa kipimo, zikatoa joto na kugeuka kitu kigumu kisichoyeyuka tena. Ikitiwa unga mwepesi huwa rojo zito la kuziba mabonde, kisha husuguliwa kwa msasa. Kwa mkuku wa chuma uliosafishwa vema inafaa sana. Lakini haishiki juu ya mti uliolowa, wala juu ya mti ulioshiba sifa miaka mingi. Tena mbao za jahazi hucheza baharini. Ganda gumu hupasuka penye maungio, na maji yaliyonaswa nyuma yake huozesha mti pasipo kuonekana. Anayeiita epoksi deheni ya kisasa amekosea: deheni ilimrudisha fundi chini ya chombo, epoksi humwambia asirudi.

Neno mkuku lina bahati zaidi kuliko deheni. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini Flipflopi, chombo cha plastiki iliyookotwa, mkuku wake ukiwa wa plastiki hiyohiyo. Mwaka 2019 kikasafiri hadi Zanzibar.