Tathmini ya Athari kwa Mazingira katika Handeni na Korogwe

Tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo hufupishwa TAM, ni uchunguzi unaofanywa kabla ya mradi kuanza ili kubaini mradi huo utabadili nini katika ardhi, maji, hewa, viumbe na maisha ya watu, na ni hatua zipi zitakazozuia au kupunguza madhara yake. Katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, utaratibu huu umejulikana zaidi kutokana na Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, ingawa mashamba ya mkonge, mitambo ya umeme na mabomba ya maji yalikuwapo huko miongo mingi kabla ya sheria yoyote kuidai tathmini.

Msingi wa kisheria

Tanzania Bara huongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo hairuhusu mradi ulioorodheshwa kuanza pasipo tathmini, na pia na kanuni za mwaka 2005 zilizorekebishwa mwaka 2018. Msimamizi ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), lililoanzishwa mwaka 1983 likiwa na mamlaka ya kushauri zaidi kuliko ya kuamuru. Mwenye mradi huusajili, humwajiri mtaalamu elekezi aliyesajiliwa, huwasilisha hadidu za rejea, yaani maelezo ya mambo yatakayochunguzwa na mipaka yake, kisha ripoti hupitiwa na wataalamu kabla ya cheti kutolewa au kunyimwa. Kwa kuwa anayemlipa mwandishi wa ripoti ndiye anayekitaka cheti, hoja zilizoandikwa vizuri ndizo zinazompa mpitiaji mahali pa kushika.

Uandishi wa ripoti

Ripoti yenye hoja hujengwa kwa mnyororo: hali ya mazingira kabla ya mradi, kitendo cha mradi, badiliko linalotarajiwa, uzito wa badiliko hilo, hatua ya kulikabili, na mtu au ofisi itakayoitekeleza kwa bajeti inayojulikana. Pete moja ikikosekana, zinazofuata huning'inia. Kosa la kawaida ni kuandika kwamba athari ni ndogo bila kutaja kipimo kilichotumika, au kujaza jedwali lenye alama za ukubwa na unyeti, kisha kulichukulia jedwali lenyewe kuwa ndilo uthibitisho.

Majira yana uzito mkubwa katika eneo hili lenye mvua za vuli na za masika. Korongo la Handeni lililokaguliwa mwezi Septemba huonekana kama njia ya ng'ombe, na likiandikwa hivyo katika ripoti, kalavati litakalojengwa juu yake litakuwa dogo kuliko maji ya mwezi Aprili. Kwa hiyo sampuli za msimu mmoja hazitoshi, na zikilazimika kutumika, ripoti inapaswa kusema wazi zilichukuliwa lini na zinashindwa kuonyesha nini. Mzee wa kijiji anayekumbuka maji yalifika mti gani ana taarifa inayostahili kuingia katika sura ya hali ya mazingira, wala si katika kiambatisho cha mahudhurio ya mkutano, ambako kwa kawaida hubaki jina na sahihi yake tu.

Mto Pangani unadai uchambuzi wa athari limbikizi, yaani jumla ya athari za miradi mingi ambayo kila mmoja peke yake huonekana mwepesi. Maji yake yanategemewa na mashamba ya umwagiliaji, na kituo cha umeme cha Hale wilayani Korogwe, chenye uwezo wa megawati 21 na kilichoanza kazi miaka ya 1960, na vilevile na mradi wa maji wa HTM, uliojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi ili kuyapeleka Handeni, wilaya yenye historia ndefu ya ukame. Ripoti inayoupima mradi mpya dhidi ya mto mzima, kana kwamba hakuna mwingine anayechota, huwa imejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Kanuni zinataka ripoti iambatane na muhtasari usio wa kitaalamu kwa Kiswahili na Kiingereza. Huko Marekani, ambako sheria ya mwaka 1969 iliasisi tathmini za namna hii, kanuni za mwaka 1978 ziliagiza lugha nyepesi katika ripoti yenyewe. Muhtasari wa Kiswahili mara nyingi huandikwa mwisho, kwa haraka, na hufasiri maneno pasipo kufasiri maana, ilhali ndizo kurasa pekee ambazo halmashauri ya kijiji inaweza kuzisoma na kuzipinga.

Bomba la mafuta ghafi

Bomba hili lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, nchini Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, na kilomita 1,147 kati ya hizo zimo Tanzania. Linapita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza kabla ya kufika pwani. Uganda iliichagua njia ya Tanga mwezi Aprili 2016 badala ya ile ya Kenya, na jiwe la msingi likawekwa Chongoleani Agosti 2017, na marais John Magufuli na Yoweri Museveni. NEMC ilitoa cheti cha upande wa Tanzania mwaka 2019. Mpangilio huo wa tarehe unaeleza kwa nini sura ya njia mbadala, ambayo ndiyo kiini cha tathmini yoyote, ilikuwa na uwanja mwembamba: swali la bandari lilikwisha jibiwa na wakuu wa nchi, na lililobaki ni wapi hasa mtaro upite.

Kwa kuwa mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda katika joto la kawaida, bomba limefunikwa kwa kihami joto na hupashwa moto ili mafuta yabaki katika nyuzijoto zipatazo 50. Ukanda wa ujenzi una upana wa mita 30, ambao kwa mkulima wa mahindi au machungwa wa Handeni waweza kuwa sehemu kubwa ya shamba, na ndiyo sababu fidia ilitawala mijadala ya vijijini kuliko hewa ya ukaa. Wapinzani wa nje walishikilia zaidi tabianchi, na Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuukosoa mradi Septemba 2022. Kesi iliyofunguliwa mwaka 2020 katika Mahakama ya Afrika Mashariki ilitupwa na kitengo cha awali Novemba 2023 kwa sababu ya kuchelewa kufunguliwa, hivyo ubora wa tathmini yenyewe haukuamuliwa.

Mashamba ya mkonge

Mkonge uliingizwa Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893, na Korogwe ikawa miongoni mwa ngome zake. Nyuzi ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wa jani, na mabaki ya korona, yaani kiwanda cha kuchakata majani, yalizoeleka kumwagwa kwenye vijito. Mradi uliotangulia sheria, kama yalivyo mashamba haya, hufanyiwa ukaguzi wa mazingira badala ya tathmini. Huko Hale mabaki hayo yalitumiwa kuzalisha gesi na umeme.

Machimbo

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Handeni, wenye leseni ndogo, huandaa mpango wa hifadhi ya mazingira badala ya tathmini kamili.

Hali ya sasa

Tangu Juni 2022 kijiji cha Msomera, Handeni, kimepokea kaya zilizohama Ngorongoro pamoja na mifugo yao, jambo ambalo limebadilisha hali ya malisho na maji ambayo ripoti mpya inapaswa kuanzia. HTM imejumuishwa katika mradi wa maji wa miji 28 unaogharimiwa kwa mkopo wa India, na mikataba yake ilisainiwa mwaka huohuo.