Nani Aliyefunga Kitabu?

Sisi Wakatoliki tunazijua habari za kukataza kusoma. Mwaka 1559 Papa Paulo IV alitoa orodha ya vitabu vilivyokatazwa, nayo ikawa na nguvu mpaka 1966, wakati wa Papa Paulo VI. Wengi waliinung'unikia, pengine kwa haki. Lakini orodha ile ilipigwa chapa. Kila mtu aliona kitabu gani kimekatazwa na nani amekikataza. Tena mwenye sababu njema aliweza kuomba ruhusa.

Huko Marekani sheria ya mwaka 2000 huzitaka shule na maktaba zinazosaidiwa na serikali kupata intaneti zizuie picha chafu. Mwaka 2003 Mahakama Kuu yao iliikubali sheria hiyo, kwa kuwa mtu mzima aweza kumwomba mtunza maktaba amfungulie. Vema. Ila orodha yenyewe hutungwa na makampuni, nayo mara nyingi huifanya siri ya biashara. Hata Papa Paulo IV, mkali vile, hakuificha yake!

Kwetu Kongo hawakuchuja, walifunga kabisa. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilikatwa kwa siku karibu 20. Siku zilezile waangalizi wa Kanisa, wapata 40,000, walikuwa na hesabu zao za kura. Makampuni ya simu yalisema yametii serikali. Nayo ilikuwa na sheria ya 2002, iliyoiruhusu kufunga kwa muda iutakao yenyewe. Sheria ile ilibadilishwa mwaka 2020.

Basi mwalimu wa Mikelenge, hapa Kindu, akikuta ukurasa umefungwa, aende kubisha mlango gani?