Wazigua wa Dadaab: Dharau Iliyovuka Mpaka

Mwaka 2002 mabasi yaliondoka Dadaab, wilayani Garissa, yakiwa yamejaa wakimbizi waliokuwa wakihamishiwa Kakuma, pembe nyingine ya Kenya. Jumla yao ilikaribia watu 12,000. Marekani ilikuwa imekubali kuwapokea, na maofisa wake walitaka kuwahoji kwanza. Dadaab, iliyo jirani na mpaka wa Somalia, ilihesabiwa kuwa si mahali salama pa mahojiano hayo. Kwa wahojiwa wenyewe haikuwa salama tangu zamani, na hofu yao haikuwa ya wanamgambo wa ng'ambo ya mpaka peke yao. Ilitoka pia kwa majirani Wasomali waliopanga nao foleni moja ya mgao.

Vitabu vya mashirika ya misaada viliwaita Wabantu wa Kisomali. Kambini waliitwa Jareer, watu wa nywele ngumu, na mwenye hasira aliwaita watumwa.

Asili yao ni huku kwetu. Katika karne ya 19, biashara ya utumwa iliyokuwa chini ya Usultani wa Zanzibar haikukomea Unguja na Pemba. Majahazi yalipanda kaskazini hadi Barawa, Marka na Mogadishu, kwa kuwa mashamba ya bonde la mto Shabelle yalitaka watu wa kulima. Walioshushwa huko walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wangindo, Wazaramo na Wazigua. Wazigua husimulia njaa iliyoipiga nchi yao, bara ya Tanga, na ahadi ya kazi ya ujira iliyowafikisha utumwani. Wengi walitoroka, wakashika njia ya mto Juba, wakafyeka msitu wenye mbung'o ambao wafugaji waliuogopa kwa ajili ya ng'ombe wao. Nchi hiyo ikaitwa Gosha. Masimulizi yao humtaja mwanamke, Wanakhucha, aliyewaongoza watoro wa Kizigua. Na mwishoni mwa karne hiyo mkuu wa Gosha alikuwa Nassib Bundo, mtu ambaye hata wakoloni walilazimika kumhesabu.

Hadi mwaka 1925, ng'ambo ya magharibi ya mto Juba ilikuwa chini ya Waingereza, ikitawaliwa pamoja na Kenya, kisha ikakabidhiwa Italia. Waitalia walikuwa wameshapiga marufuku utumwa, lakini katika miaka ya 1930 waliwaswaga watu wa mabonde hayo kwa nguvu kwenye mashamba ya ndizi na pamba. Hawakuwachukua wafugaji. Waliwachukua Jareer, wakalitia muhuri wa serikali wazo kwamba kuna watu walioumbiwa jembe.

Somalia huru ilijitangaza kuwa taifa la watu wa asili moja, lugha moja na dini moja. Rais Siad Barre alipiga marufuku hata kutajana koo. Sifa hiyo iliwafunika Jareer pasipo kuwasaidia. Katika jamii ya Kisomali ubaguzi haupimwi sana kwa weusi wa ngozi, maana weusi ni wa wote. Macho huenda kwenye nywele na pua. Mtu aweza kuwa Mwislamu aliyehifadhi Kurani, akakizungumza Kisomali tangu utotoni, na bado akanyimwa mke. Ilipokuja sheria ya ardhi ya mwaka 1975, iliyotaka shamba liandikishwe serikalini, wakubwa wa mijini wakaandikisha kwa majina yao mashamba ya mtoni yaliyolimwa na watu hawa vizazi kwa vizazi.

Vita vya 1991 vikaonyesha maana halisi ya kukosa ukoo. Katika desturi ya Kisomali, damu ya mtu hulipwa na ukoo wa aliyeua na kudaiwa na ukoo wa aliyeuawa. Hofu ya deni hilo ndiyo ngao ya mnyonge. Jareer wengi walijiegemeza kwenye koo za majirani, lakini vita vilipochacha hakukuwa na wa kudai damu yao. Walikuwa na nafaka ghalani na hawakuwa na bunduki. Kila kikundi kilichopita kilichota. Wakafunga safari ya miguu kuja Kenya.

Huko Dadaab, kambi ya Ifo ilifunguliwa 1991, Dagahaley na Hagadera mwaka uliofuata, zote tatu zikikusudiwa watu 90,000. Wabantu walijikuta kwenye bloku za pembezoni, zinazotazama vichaka, ambako majambazi wa usiku hupitia kwanza. Walijizungushia uzio wa miiba, nyumba hadi nyumba, wakaacha mlango mmoja wa kulinda kwa zamu. Mwanamke aliyetoka asubuhi kutafuta kuni alijua anahatarisha mwili wake. Kuchimba vyoo, kufyatua matofali, kubebea wengine maji: kazi hizo ziliwangoja wao. Waliikimbia Gosha na bado wakawa wanawatumikia wengine.

Hapa nataka nisieleweke vibaya, maana Garissa ina majeraha yake. Wasomali wa Kenya wamebaguliwa na serikali yao wenyewe kwa miongo mingi. Hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963 haikuondolewa hadi 1991. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Karatasi mjini Garissa ulichomwa moto na askari, na wakazi wakafungiwa kwenye uwanja wa shule ya msingi wa mji huo. Februari 1984 yakafuata mauaji ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, ambako serikali ilikiri vifo 57 huku walionusurika wakihesabu mamia kwa mamia. Mwaka 1989 kila Msomali mtu mzima alitakiwa kuthibitisha Ukenya wake mbele ya kamati na kupewa kadi ya rangi ya waridi. Aprili 2014 maelfu walizolewa mtaani Eastleigh, Nairobi, na kurundikwa uwanja wa Kasarani. Mtu aliyeyapitia hayo anajua vizuri kuliko wengi uchungu wa kuhukumiwa kwa sura. Ndiyo maana naona ni haki kumtaka aitazame pia bloku ya pembezoni. Historia ya Garissa inayoandika Bulla Karatasi na kuiruka Gosha ni nusu ya historia.

Umoja wa Mataifa uliwatafutia makao mapya. Tanzania iliombwa, kisha Msumbiji, na mizigo ya nchi hizo ikakwamisha mipango. Mwaka 1999 Marekani ikakubali, na hapo jambo la ajabu likatokea: jina lililokuwa tusi likageuka mali. Watu ambao jana wasingekubali kuketi na Jareer walijiandikisha kuwa Jareer, na kadi za mgao zikauzwa. Wahojaji wakawa wanauliza habari za kilimo na vijiji vya mtoni ili kumtambua mkulima wa kweli. Nywele zilezile zilizomnyima mtu mke sasa zilikuwa zinamtolea ushahidi.

Wa kwanza walitua Marekani Mei 2003. Wako Lewiston jimboni Maine, Burlington, Salt Lake City, Pittsburgh na kwingineko. Kule Wamarekani huwaona Weusi tu, Waafrika, Waislamu, na huwabagua kwa hayo matatu, ilhali misikitini baadhi ya Wasomali wenzao wangali wanakumbuka nani alikuwa nani. Wengine walirudi walikotoka mababu: Tanzania iliwatengea makazi Chogo, wilayani Handeni, na wengi wakapata uraia. Kizigua chao, kilichotunzwa majumbani kwa zaidi ya karne moja bila shule wala kitabu, kilieleweka na wenyeji.

Somalia nayo haikuwa imebadilika: mwaka 2000, katika mkutano wa Arta nchini Djibouti, viongozi wake walikubaliana kugawana madaraka kwa hesabu ya nne na nusu: koo kubwa nne fungu zima kila moja, na wachache wote, Wabantu wakiwamo, nusu fungu. Dharau ya sokoni ikawa kanuni ya bunge.

Upande wa Kenya, Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alifuta uchunguzi wa ziada waliofanyiwa vijana wa kaskazini kabla ya kupewa vitambulisho. Mwezi uliofuata alizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma kuwa makazi ya kudumu yenye huduma za pamoja kwa wakimbizi na wenyeji. Viwanja vitapimwa, kamati zitaundwa, masoko yatagawiwa. Sio Wabantu wote waliopanda mabasi yale. Mkimbizi aliyebaki Ifo au Hagadera, asiye na ukoo wa kumsemea, anastahili kiti katika kamati hizo tangu kikao cha kwanza, na jina lake liandikwe kwenye hati ya kiwanja kabla mwingine hajaliandikisha lake, kama ilivyokuwa mtoni mwaka 1975.