Kalausi, Buru na Neno "Uga"

Mwaka 2019 Kenya ilipata nafasi ya kuipa jina nyota HD 83443 pamoja na sayari yake. Nyota ikaitwa Kalausi, yaani kimbunga kwa Kijaluo; sayari ikaitwa Buru, vumbi. Majina yamefaa sana. Buru ni sayari kubwa ya gesi, yenye joto kali, inayoizunguka nyota yake kwa siku 3 hivi. Sayari za aina hii hazikujulikana hadi 1995, Michel Mayor na Didier Queloz walipotangaza 51 Pegasi b.

Joto la huko hung'oa elektroni katika atomu za sodiamu na potasiamu. Upepo ukizipeperusha kupitia uga wa sumaku, sumaku huukokota nyuma. Mwaka 2017 Tamara Rogers alitumia mabadiliko ya upepo wa HAT-P-7b kukadiria nguvu ya sumaku yake: gausi 6 au zaidi. Mwaka 2022 watafiti wengine walitilia shaka, wakisema huenda inayobadilika ni nyota yenyewe.

Hapa Lilongwe tunaweza kulifundisha somo hili kwa Kiswahili. Na Dzaleka, iliyofunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994, ina wasemaji wengi kutoka Kongo na Burundi. Kimbunga hakina shida. Linalosumbua ni "uga": mwanafunzi husikia kiwanja. Mimi husema "eneo la nguvu za sumaku". Ni refu, lakini halipotoshi.